Pemba: Kura ya Zanzibar, Polisi wa Muungano

Kura moja ndiyo iliyoamua jimbo la Chake Chake, Pemba, mwezi Januari 1961. Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata kura 1,538, Hizbu, yaani chama cha ZNP, ikapata 1,537. Kwa kura hiyo moja ASP ikafikisha viti 10 katika baraza la viti 22, Hizbu ikabaki na 9. Vitatu vilivyosalia vilichukuliwa na ZPPP, chama kichanga cha Mohamed Shamte Hamadi ambacho ngome yake ilikuwa Pemba. Wajumbe hao watatu walipotakiwa kuchagua upande, wawili walikwenda Hizbu na mmoja ASP. Ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na fujo zilizozuka Unguja zikaua watu 68.

Wanaoeleza siasa za Pemba wengi wao huanzia 1992, vyama vingi viliporudi, au huanzia Mapinduzi ya 1964. Naona heri kuanzia kwenye ile kura moja, maana mambo yanayoisumbua Zanzibar hadi leo yalikuwa yameshakamilika siku ile: nchi iliyogawika nusu kwa nusu, Pemba kama jiwe la mizani, na matokeo ambayo upande mmoja hauwezi kuyameza.

Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu, yenye viti 12, iliungana na ZPPP yenye 6, na Shamte akawa Waziri Mkuu. Haki inanitaka niseme wazi kwamba mwaka ule waliodhulumiwa na hesabu ni wafuasi wa ASP. Uhuru ulipatikana 10 Desemba 1963, na baada ya hapo serikali ile haikutimiza hata siku arobaini. Mapinduzi yalifanyika Unguja usiku wa kuamkia 12 Januari 1964. Pemba iliyapokea tu.

Kwa nini Pemba ilipiga kura tofauti na Unguja? Jibu jepesi la ukabila halitoshi. Unguja mashamba makubwa ya mikarafuu yalikuwa ya wachache, na waliokaa humo kwa idhini ya mwenye shamba walikuwa maelfu, wengi wenye asili ya bara. Pemba mikarafuu ilitawanyika mikononi mwa watu wa kawaida. Mpemba mwenye miti yake ishirini au thelathini hakujiona mtumwa wa mtu, na pengine yule anayeitwa bwana mkubwa alikuwa mjomba wake au mkwewe. Mapinduzi yalipochukua ardhi na kugawa eka tatu tatu, Unguja kuna walioona haki imetendeka. Pemba wengi waliona jirani ananyang'anywa.

Kisha ikaja karafuu yenyewe. Asiyewahi kuwa Pemba msimu wa karafuu hawezi kuelewa uzito wake. Mchumaji hupanda mti mrefu na kulivuta tawi kwa kamba. Jioni nyumba nzima hulizunguka lile rundo la karafuu mbichi, watoto kwa wazee, wakichambua kwa vidole: karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi majamvi hutandikwa uani na kandokando ya barabara ya lami, na kijiji kizima kikanuka karafuu. Wingu likionekana, kila mtu huacha alichoshika akakimbilia majamvi, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa hupoteza daraja. Hata makonyo hayatupwi, huuzwa kiwandani Wawi yakakamuliwa mafuta. Sehemu kubwa kabisa ya karafuu ya Zanzibar hutoka kisiwa hiki.

Baada ya Mapinduzi mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali, na kwa miongo kadhaa bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyopatikana nje. Fedha za kigeni za Zanzibar zilitoka kwenye karafuu. Wapemba wakaona maghorofa yanainuka Michenzani, Unguja, huku kwao njia zikibaki za udongo. Waliojaribu kuvusha magunia kwa mashua usiku kwenda pwani ya Kenya waliitwa wahujumu, na kikosi kizima kikaundwa, KMKM, ambacho jina lake kamili ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Mkulima aliyekuwa akiuza mazao ya miti ya babu yake akawa mhalifu baharini. Ilichukua hadi utawala wa Dk. Ali Mohamed Shein, Rais wa kwanza wa Zanzibar aliyezaliwa Pemba, ndipo mkulima akaanza kulipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kilo ikafika Sh 14,000. Wazee waliosubiri hilo tangu ujana wao wengi walikuwa wameshafariki.

Hayo ni kati ya Pemba na Unguja. Muungano je?

Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ulioanza 26 Aprili 1964, ziliorodhesha mambo 11 ya pamoja. Polisi limo katika orodha hiyo tangu siku ya kwanza. Ulinzi limo. Uchaguzi wa Rais wa Zanzibar halimo, ni jambo la Zanzibar yenyewe, na leo linasimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Kwenye karatasi mpangilio huu unaeleweka. Pemba, tangu vyama vingi virudi, umekuwa na matokeo mabaya: anayehesabu kura anatoka serikali moja na anayeshika bunduki anatoka serikali nyengine, na Mpemba akiuliza, kila mmoja humwelekeza kwa mwenzake.

Oktoba 1995 ulikuwa mtihani wa kwanza. Chama cha upinzani, CUF, kilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. Dk. Salmin Amour wa CCM, chama tawala, alitangazwa mshindi wa urais kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, na aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi kabla ya kufukuzwa CCM mwaka 1988. Tofauti ilikuwa kura 1,565. CUF ilikataa matokeo, wawakilishi wake wakasusia Baraza la Wawakilishi.

Miaka iliyofuata siasa iliingia jikoni. Pemba, mwenye daladala wa CCM alipita kituo kilichojaa watu na hakuna aliyepanda. Mwenye duka alichagua wa kumuuzia. Watu waliacha kuzikana. Kwa Mwislamu wa kijijini, ambaye kumsindikiza maiti wa jirani ni wajibu usiohitaji mwaliko, kukaa ndani wakati jeneza linapita mlangoni ni jambo zito sana, na lilifanywa, na waliofanyiwa hawajalisahau. Wafuasi wa CCM Pemba, ambao ni wachache katika vijiji vyao, waliumizwa na ususiaji huo. Nalitaja kwa sababu simulizi zetu za Pemba mara nyingi huwasahau.

Katika kipindi hicho watu 18 wa CUF walishitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wengine wakikaa rumande tangu 1997. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa mamlaka ya dola yako kwa Jamhuri ya Muungano. Watuhumiwa wakaachiwa. Wanachama wa chama kilichokuwa kikidai Zanzibar yenye mamlaka makubwa zaidi waliokolewa na hukumu inayosema Zanzibar si dola. Swali la hadhi ya Zanzibar halikuishia hapo: Julai 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, Visiwani kukachafuka, na mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi likarekebisha Katiba ya Zanzibar na kuandika kuwa Zanzibar ni nchi. Katiba mbili za taifa moja zinalieleza jambo hilo kwa namna mbili mpaka leo.

Jumamosi ya 27 Januari 2001 ndiyo siku ambayo Pemba iliuona Muungano kwa macho. CUF ilikuwa imeitisha maandamano kupinga uchaguzi wa 2000. Serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani watu walitoka, na vyombo vya dola vikafyatua risasi za moto. Human Rights Watch ilihesabu si chini ya watu 35 waliouawa katika siku zile Pemba na Unguja, na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Micheweni askari polisi naye aliuawa. Watu wapatao 2,000 walipanda mashua na kuvuka hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyokuwa ikisifiwa Afrika nzima kwa kupokea wakimbizi, kwa mara ya kwanza ilizalisha wake.

Muafaka wa pili kati ya CCM na CUF ulisainiwa Oktoba 2001, na tume ikaundwa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita kuchunguza mauaji yale. Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 2019 kwamba tukio lile ni doa katika uongozi wake. Namheshimu kwa kuliandika. Lakini kitabu cha mstaafu si mahakama, na familia za Micheweni hazijapata kuona mtu akisimama kizimbani kwa amri iliyotolewa siku ile.

Mwaka 2005 majimbo ya Pemba yalipunguzwa kutoka 21 hadi 18, na ya Unguja yakaongezwa kutoka 29 hadi 32. Sababu iliyotolewa ni idadi ya watu, na ni kweli kwamba Unguja imekuwa ikikua haraka zaidi. Ni kweli pia kwamba Wapemba wengi wamo katika hiyo idadi ya Unguja, kwa sababu kwao hakuna ajira. Kisiwa kinapoteza watu kwa umasikini, halafu kinapoteza viti kwa kupoteza watu. Utafiti wa bajeti za kaya, mmoja baada ya mwengine, umeionyesha Pemba ikiwa masikini zaidi kuliko Unguja, na Micheweni ikiwa mkiani.

Mei 2008 kundi la wazee lilivuka bahari hadi Dar es Salaam na kupeleka waraka katika ofisi ya Umoja wa Mataifa wakitaka Pemba iwe na serikali yake. Walikamatwa. Miezi miwili tu kabla, Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania walikuwa wameongoza kikosi cha Umoja wa Afrika kilichotua Nzwani, Comoro, kukirudisha kisiwa hicho chini ya serikali ya muungano wake baada ya Kanali Mohamed Bacar kuasi. Nzwani ilitangaza kujitenga mwaka 1997, na Makubaliano ya Fomboni ya 2001 yakaja na dawa ya kuzungusha urais kati ya Ngazija, Nzwani na Mwali. Dawa ile imeshaharibiwa, kwani kura ya maoni ya 2018 ilimfungulia Azali Assoumani njia ya kuendelea. Hata hivyo Wakomoro walifika mahali wakakiri kwa maandishi kwamba kisiwa kidogo kina haki ya zamu. Dar es Salaam ilituma wanajeshi kuulinda mpango ule kwa jirani, ila kwa wazee wa Pemba ilituma askari wa kukamata.

Sitetei kuvunja Zanzibar vipande. Sidhani pia kwamba wazee wale walikuwa na chuki na bara. Ukitaka kujua Mpemba anauonaje Muungano, nenda Kariakoo. Ingia Tanga mjini, Mwanza, hata vijiji vya ndani kabisa vya Morogoro, uliza duka la Mpemba, utaonyeshwa. Hakuna Watanzania walioutumia uhuru wa kutembea na kufanya biashara ndani ya Jamhuri kuliko hawa. Mtu anayetuma fedha Wete kila mwezi kutoka dukani kwake Dar es Salaam hawezi kuwa adui wa Muungano. Ugomvi wake ni wa siku ya kura na wiki zinazofuata.

Na imewahi kuonekana kwamba unatatulika. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakaelewana bila msuluhishi wa kigeni. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ilipitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66. Mwaka ule Dk. Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, tofauti ndogo mno, na hakuna aliyekufa. Maalim akaapa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Vijijini Pemba watu walirudi kuzikana. Khitma ikasomwa na bendera zote mbili zimo mtaani. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi bora zaidi cha siasa za Visiwani tangu vyama vingi virejee, na kilijengwa na Wazanzibari wenyewe.

Kiliangushwa na tangazo la mtu mmoja. Tarehe 28 Oktoba 2015, matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 yakiwa yameshatangazwa, Mwenyekiti wa ZEC Jecha Salim Jecha alitokea kwenye televisheni na kufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Fikiria mpiga kura wa Mtambwe. Asubuhi ya tarehe 25 alipanga foleni katika skuli ya kijiji chake. Akapewa karatasi za Muungano, za Rais na mbunge, na karatasi za Zanzibar, za Rais, mwakilishi na diwani. Alizitia masandukuni siku ileile, mahali palepale, kwa kidole kilekile chenye wino. Siku tatu baadaye akaambiwa kura zake za Zanzibar ni batili, na siku ya nne zile za Muungano zikamtangaza Dk. John Magufuli kuwa Rais halali. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola, Umoja wa Afrika, SADC na Umoja wa Ulaya walikuwa hawajaona kasoro ya kufuta uchaguzi.

Rais Magufuli alipoombwa aingilie, alijibu kwamba ZEC ni chombo huru na yeye hana mamlaka nacho. Kisheria aliweza kujitetea hivyo. Lakini marudio yalipofanyika 20 Machi 2016, CUF ikiwa imesusia, polisi na wanajeshi waliojaa Pemba kuyalinda hawakuwa wa ZEC. Walikuwa wake. Muungano ulikuwa umefungwa mikono lilipokuja suala la hesabu, na mikono hiyo ikafunguka lilipokuja suala la ulinzi. Dk. Shein alitangazwa kwa asilimia 91.4. Siku nane baadaye bodi ya shirika la Marekani la MCC ilisimamisha msaada wa zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania, ikiutaja uchaguzi huo. Fedha zile zilikuwa za umeme. Mwananchi wa Singida au Kagera asiyewahi kuiona Pemba alilipa gharama ya tangazo la Jecha.

Baada ya hapo ususiaji ulirudi vijijini: maduka, daladala, mazishi. CUF ikapasuliwa, Maalim akahamia chama cha ACT-Wazalendo Machi 2019 kwa kauli iliyoenea Visiwani kote, shusha tanga, pandisha tanga. Mwaka 2018 sheria mpya ya uchaguzi ilikuwa imeleta kura ya mapema, inayowapa watendaji wa uchaguzi na vyombo vya ulinzi siku yao peke yao kabla ya wengine. Kuelekea siku hiyo mwaka 2020, usiku wa 26 Oktoba, ACT-Wazalendo ilisema watu wake walipigwa risasi na kufa Pemba. Jeshi la Polisi likakanusha. Dk. Hussein Mwinyi akatangazwa kwa asilimia 76, na CCM ikapewa majimbo mengi ya kisiwa ambacho mwaka 1995 hakikuipa hata moja.

Maalim Seif alikubali tena kuingia serikalini Desemba 2020, uamuzi uliowaudhi baadhi ya vijana wake. Alifariki 17 Februari 2021 na kuzikwa Mtambwe. Nafasi yake ilichukuliwa na Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar hadi alipoondolewa Oktoba 2014 baada ya kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba, lile lililoiweka kando rasimu ya Jaji Joseph Warioba ya serikali tatu. Oktoba 2025 Othman aligombea urais, Dk. Mwinyi akatangazwa mshindi kwa asilimia 74.8, ACT-Wazalendo ikayakataa matokeo. Kura ya mapema ilikuwapo tena.

Serikali ya Muungano haina haja ya kusubiri Katiba mpya ili itende haki Pemba. Polisi ni wake, kwa hiyo maelezo ya Januari 2001 na Oktoba 2020 ni yake: nani alitoa amri, nani alikufa, familia zimelipwa nini. Iyaweke hadharani na iyafikishe mahakamani yanayostahili. Serikali ya Mapinduzi nayo, kupitia Baraza la Wawakilishi, inaweza kuifuta kura ya mapema katika kikao kimoja na kuweka sheria inayozuia mtu mmoja kufuta uchaguzi mzima. Wabunge kutoka bara, ambao kwa miaka mingi wamelitazama suala hili kama ugomvi wa Visiwani, waulize bungeni askari wanaopelekwa Pemba kila miaka mitano wanapelekwa kwa amri ya nani na kwa kazi gani. Waulize mapema, kabla daftari la wapiga kura la 2030 halijafunguliwa.